Kinga ya mwili, VVU na utu uzima wa mwanamke: maswali tunayoulizwa Unguja na Pemba

Maswali haya yametoka midomoni mwa wanawake wenye miaka 50 na kuendelea wanaotumia dawa za VVU, na mengine ni ya watoto wao wanaowasindikiza kliniki. Mengi huulizwa mwisho kabisa, mtu ameshainuka, ameshajitanda kanga yake, mkono uko kwenye kitasa cha mlango: "Lakini mwanangu, kuna na hili." Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yasiyomfika kila mtu. Utaliona jambo moja likijirudia. Mwanamke mtu mzima mwenye VVU hupewa majibu mawili mepesi kila anapolalamika: "huo ni uzee", au "hayo ni ya ule ugonjwa wako". Mara nyingi hayo si majibu, ni kukwepa kumpima.

## Ya msingi

Kinga ya mwili ni kitu gani, na CD4 ni nini?

Kinga ni kazi ya seli nyingi kwa pamoja: zilizomo kwenye damu, kwenye tezi, kwenye utumbo na hata kwenye ngozi. CD4 ni aina moja ya seli nyeupe, na kazi yake ni kutoa amri kwa nyingine zishambulie nini na wakati gani. VVU huingia ndani ya hizo hizo CD4 na kuziua, ndiyo maana mwili mzima huyumba.

Mtu asiye na VVU kwa kawaida huwa na CD4 kati ya 500 na 1,500 kwa kila milimita moja ya ujazo wa damu. Zikishuka chini ya 200, maradhi nyemelezi hupata mlango. Namba hiyo hupanda na kushuka yenyewe: mafua huishusha, na hata saa ya kutolewa damu huibadilisha. Ukipata 620 mwaka jana na 560 mwaka huu, usikose usingizi kwa hilo.

Kati ya CD4 na wingi wa virusi, niangalie kipi?

Wingi wa virusi. Hicho ndicho kipimo kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi. Chini ya nakala 1,000 kwa mililita moja tunasema virusi vimefubaa, na chini ya 50 tunasema havionekani. Hupimwa miezi 6 baada ya kuanza dawa, kisha mwezi wa 12, kisha kila mwaka mambo yakiwa mazuri. Mtu ambaye virusi vyake havionekani hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa.

Wengi hunung'unika kwamba siku hizi hawapimwi CD4 kila mara kama zamani. Hujapuuzwa. CD4 hupimwa mtu anapoanza dawa, anaporudi baada ya kuziacha, anapoumwa sana au virusi vinapopanda.

Virusi havionekani mwaka wa 8 sasa. Kwa nini bado nachoka na naumwa upesi kuliko dada zangu?

Swali zuri, na jibu lake ni refu kidogo.

Kwanza, inategemea ulianza dawa ukiwa katika hali gani. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linataka kila mwenye VVU aanzishiwe dawa mara tu anapojulikana, bila kungoja CD4 zishuke. Aliyeambukizwa kabla ya hapo huenda aliishi miaka mingi bila tiba, na kinga yake ikaliwa kwanza. Hujengeka tena, lakini ya aliyeanza dawa baada ya miaka 50 hujengeka polepole kuliko ya kijana. Kuna tezi iliyopo nyuma ya mfupa wa kifua, inaitwa thaimasi, ndiyo inayofundisha seli changa za kinga. Tezi hiyo husinyaa kadiri umri unavyokwenda, kwa watu wote, wenye VVU na wasiokuwa nao.

Pili, dawa hulaza virusi lakini hazivitoi vyote. Vingine hubaki vimejificha. Tena VVU hula CD4 za utumbo mapema sana, na ukuta wa utumbo ukishadhoofika, vijidudu na taka zake hupenyeza kidogo kidogo kuingia kwenye damu. Kinga haipati kupumzika. Wapishi wa kuni wanalijua hili: unafunika makaa kwa majivu, hakuna moto unaouona, lakini ukiweka mkono juu yake joto lipo. Joto hilo likikaa miaka, hugusa mishipa ya moyo, mifupa, figo na ubongo.

Tatu, kuna kukoma hedhi. Homoni ya estrojeni ilikuwa inasaidia kulituliza joto hilo na kuilinda mifupa na mishipa ya damu. Inapoondoka, mwanamke mwenye VVU hupata mizigo yote miwili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ndiyo, kuchoka kwako kunaweza kuwa na asili hapo. Lakini kuchoka pia ni dalili ya upungufu wa damu, sukari, tezi ya shingo, figo, msongo na kukosa usingizi, na hivyo vyote vina vipimo. Usikubali kuambiwa umezoea kulalamika.

Kwetu Zanzibar maambukizi si mengi. Mimi mtu mzima, bibi wa watu, imekuwaje?

Ni kweli kwamba maambukizi kwa watu wote wa visiwani ni chini ya asilimia 1, tangu wagonjwa wa kwanza walipogundulika 1986. Kwa kuwa ugonjwa unatajwa zaidi kwa wanaojidunga dawa za kulevya na makundi mengine, mke wa mtu aliyetulia nyumbani hujiona hayumo, na hata daktari humuona hayumo. Anakuja na mkanda wa jeshi, anapewa dawa ya kupaka. Anakuja na utando mweupe mdomoni, anaambiwa ni meno ya bandia. Nimemuona bibi aliyezunguka vituo kadhaa akiwa na dalili hizo mbili kwa pamoja, na hapakuwa na mtu aliyemtajia kipimo cha VVU, kwa kumstahi. Heshima ya namna hiyo ingemuua.

Mwanamke aliyekoma hedhi huambukizwa kwa wepesi zaidi kwa sababu ukuta wa uke huwa mwembamba na mkavu. Wajane na waliotalikiwa huolewa tena, na hakuna anayefikiria kondomu kwa kuwa mimba haiogopwi. Hakuna aibu ndani ya hayo yote.

## Mwili unapobadilika

Natoka jasho usiku mpaka kanga inalowa. Ni kukoma hedhi au ni kifua kikuu?

Ningependa kila mwanamke alisome jibu hili mpaka mwisho.

Moto wa kukoma hedhi huja ghafla. Huanzia kifuani au shingoni, unapanda usoni, moyo unadunda, jasho linatoka, kisha baridi inakushika. Hudumu dakika chache ukaondoka. Huja hata mchana, umekaa barazani unachambua mchele. Asubuhi unaamka umechoka kwa kukosa usingizi lakini chai unainywa na chapati unaila.

Jasho la kifua kikuu huja na wenzake: kikohozi, homa za jioni, kukosa hamu ya kula, kanzu inayozidi kupwaya. Wakati mwingine kuna tezi zilizovimba shingoni. Miezi ya kaskazi kila mtu hutoka jasho, kwa hiyo nawaambia waangalie hivi: ni usiku gani ambao wenzako chumbani wamekauka na wewe umelowa?

Sasa lililo muhimu. Kwa mwenye VVU hatuamui kwa kukisia. Ukiwa na moja tu kati ya haya manne, yaani kikohozi, homa, kupungua uzito au jasho la usiku, unastahili kupimwa kifua kikuu, hata kama una hakika kwamba ni hedhi inakuaga. CD4 zikiwa chini sana kikohozi kinaweza kisiwepo kabisa, na kama makohozi hayatoki kuna kipimo cha mkojo kwa walio dhaifu. Ukipimwa ukaonekana huna, uliza kuhusu dawa za kukukinga: kuna isoniazidi ya kila siku kwa miezi 6, na kuna mchanganyiko wa mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Ukionekana unacho na ukaanzishiwa rifampisini, kidonge cha dolutegraviri, ile dawa ya VVU iliyomo ndani ya TLD, lazima kiongezwe kiwe mara 2 kwa siku. Mkumbushe daktari, usione haya.

Nimeona wanawake wawili walioambiwa "ni utu uzima huo, bi mkubwa" wakarudi baada ya miezi wamebaki mifupa. Walitibiwa wakapona. Miezi ile hakuna aliyewarudishia.

Hedhi ilikatika miaka 2 iliyopita, sasa damu imeonekana tena. Nifurahi?

Hapana. Damu yoyote baada ya mwaka mzima bila hedhi inahitaji kuangaliwa, hata kama ni tone. Nenda wiki hii. Soma pia swali la saratani ya shingo ya kizazi hapo chini.

Mgongo na magoti yananiuma. Nanunua diklofenaki duka la dawa. Kuna ubaya?

Upo. Kidonge cha TLD, ambacho wengi wenu mnatumia, kina dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Tenofoviri hupita kwenye figo, na kwa baadhi ya watu huzichosha. Diklofenaki na ndugu zake nazo huzibana figo. Vikikutana kila siku kwenye mwili wa mtu wa miaka 60 mwenye presha, figo zinaweza kuharibika bila maumivu yoyote ya kukustua. Paracetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi. Mafuta ya kuchulia hayana shida.

Halafu jiulize kwa nini mifupa inauma. Tenofoviri hupunguza kidogo uzito wa mifupa, hasa mwaka wa kwanza na wa pili, na kukoma hedhi hupunguza zaidi. Mfupa wa nyonga ukivunjika, mtu mzima hulala kitandani na kila kitu huharibika kutokea hapo. Kwa hiyo sakafu ya choo isiwe na maji usiku, taa au kurunzi iwe karibu, na miguu ifanyishwe kazi. Jaribu hili nyumbani: kaa kwenye kiti, kunja mikono kifuani, inuka na kukaa mara 5 bila kushika kitu. Ukishindwa, mapaja yamelegea, yanataka mazoezi ya kila siku. Wenzetu wanaolima mwani wana miguu imara, ingawa migongo yao ina malalamiko mengine.

Kama uko kwenye dawa za mstari wa pili, yaani zile wanazopewa walioshindwa na dawa za kwanza, zenye ritonaviri, mwambie anayetaka kukuchoma sindano ya goti. Baadhi ya sindano hizo zikikutana na ritonaviri huleta uso kuvimba, sukari kupanda na kinga kushuka.

Nasahau mambo. Ni VVU imeingia kichwani?

Inaweza kuwa, lakini kwanza tuangalie presha, sukari, usingizi, huzuni, masikio na macho. Kaswende ya siku nyingi nayo huharibu kumbukumbu na inatibika. Kwa kidonge chenyewe, ufungamanishe na jambo usilolisahau. Wengi wa wagonjwa wangu wamekifunga na swala ya Isha: kidonge kipo karibu na msala, ukiukunja msala unameza.

Tangu nibadilishiwe dawa nimenenepa.

Dolutegraviri imeonekana kuongeza uzito, na wanawake weusi ndio huongezeka zaidi. Usiiache. Ni dawa nzuri na imara. Pima kiuno, pima sukari na presha kila unapokwenda kliniki, na punguza sukari ya kwenye chai kabla ya kupunguza chakula. Hapa kwetu kunenepa huitwa afya, na mwenye VVU huogopa kukonda kwa sababu watu watasema. Naielewa hofu hiyo. Lakini moyo hauna habari na maneno ya watu.

Tendo la ndoa limekuwa maumivu.

Ukavu baada ya kukoma hedhi ni wa kawaida na unatibika. Vipo vilainishi maalumu vilivyotengenezwa kwa maji, na ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni ambayo daktari anaweza kukuandikia.

Tahadhari moja ya kwetu: mafuta ya nazi. Tunayatumia kwa nywele, ngozi, mtoto mchanga, kila kitu. Lakini mafuta ya aina yoyote hulegeza mpira wa kondomu ukapasuka. Kama mnatumia kondomu, tumieni kilainishi cha maji.

## Dawa na dawa nyingine

Sikosi dozi hata siku moja, lakini virusi vimepanda. Naambiwa mimi muongo.

Bibi mmoja aliambiwa hivyo, na ushauri wa kufuata dawa alipewa mara 3. Siku moja tulimuomba amwage mkoba wake juu ya meza. Ukatoka msahafu mdogo, tambuu, noti zilizokunjwa ndani ya pindo la leso, kopo la TLD, na karatasi ya vidonge vya kiungulia vya kutafuna, nusu imetumika. Muhogo wa nazi humchoma kifua, kwa hiyo kila usiku alikuwa akimeza TLD na papo hapo anatafuna viwili vya kiungulia. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Dawa za kiungulia zenye magniziamu au aluminiamu huikamata dolutegraviri tumboni isiingie mwilini. Meza TLD saa 2 kabla yake, au saa 6 baada yake. Vidonge vya kalsiamu na vya kuongeza damu vina tabia hiyo hiyo, ila hivi unaweza kuvimeza pamoja na TLD ukiwa unakula chakula. Tumbo likiwa tupu, visikutane.

Nina presha na sukari pia. Vidonge vyote hivi havipigani?

Vingi havipigani. Metformini ndiyo ya kuangaliwa: dolutegraviri huiongeza kwenye damu, kwa hiyo isizidi miligramu 1,000 kwa siku mpaka daktari aseme vingine. Dawa ya kifafa ya karbamazepini huishusha dolutegraviri. Wenye ritonaviri wasipewe simvastatini, dawa ya kushusha mafuta ya kwenye damu.

Na kuhusu moyo, kuna habari njema. Utafiti uitwao REPRIEVE, uliotoa matokeo 2023, ulifuatilia watu 7,769 wenye VVU, wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12. Waliopewa dawa ya pitavastatini walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na matatizo makubwa ya aina hiyo kwa asilimia 35 pungufu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Muulize daktari wako kama na wewe unafaa kupewa dawa ya kundi la statini.

Usiache TLD ghafla kwa kudhani vidonge vimekuwa vingi. Ukiwa na homa ya ini ya B bila kujua, tenofoviri na lamivudini ndizo zinazoizuia, na ukiziacha ini linaweza kuwaka vibaya.

Haba soda, asali, kombe: nitumie?

Haba soda na asali kama chakula hazina neno. Kombe ni dua, na sina ugomvi na dua. Ugomvi wangu ni na yule anayekwambia uweke vidonge pembeni siku 40 ili dawa yake ifanye kazi. Hakuna majani, mbegu wala maji yaliyothibitika kuondoa VVU au kupandisha CD4. Dawa za kuchemsha zisizojulikana ndani yake zina nini, figo zako ndizo zitakazolipa.

Naweza kuhamishia dawa kwenye kopo jengine ili wasijue?

Kopo la dawa lina kifuko kidogo cha kunyonya unyevu, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ukihamisha, hamisha vya siku chache tu kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko, vingine vibaki kwenye kopo lake. Usiviweke dirishani wala jikoni, na usivifunge kwenye pindo la kanga.

## Chakula, vipimo na chanjo

Chakula gani kinapandisha CD4?

Hakuna. Kinachopandisha CD4 ni dawa. Chakula kinakupa nguvu ya kuzitumia. Mtu mzima anahitaji protini ya samaki na kunde kuliko anavyodhani, kwa sababu nyama za mwili hupungua kwa umri: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, pweza, choroko, mbaazi, mayai, maziwa ya mtindi. Mchicha, kisamvu, tungule na embe ziwepo kila siku. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi, mwenye presha awaroweke na kumwaga maji, au awaache. Jua la asubuhi mikononi na miguuni husaidia mifupa, hasa kwa anayejifunika muda wote nje. Uani kwako hakuna anayekuona.

Nishazaa, nishakoma. Kipimo cha shingo ya kizazi cha nini tena?

Mwanamke mwenye VVU ana hatari ya saratani hiyo takriban mara 6 kuliko asiye nayo, kwa sababu kinga iliyodhoofika hukishindwa kirusi cha HPV. Shirika la Afya Duniani linataka apimwe kuanzia miaka 25, kwa kipimo cha HPV kila miaka 3 hadi 5. Baada ya miaka 50 anaweza kuacha tu kama vipimo 2 vya kufuatana vimekuwa safi. Wengi wa umri wetu hawana hata kimoja.

Kuna jambo linalosahauliwa hapa. Kile kipimo cha siki, ambapo shingo ya kizazi hupakwa siki na kuangaliwa kwa macho, hakifai kwa aliyekoma hedhi, kwa sababu sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imerudi ndani. Ukipakwa siki ukaambiwa uko salama, uliza kama wameiona sehemu hiyo, na uliza kuhusu HPV. Sampuli ya HPV unaweza kujichukulia mwenyewe, kwa wale wanaoona haya kupanda kitandani.

Chanjo zinanifaa?

Zile zisizo na kijidudu hai zinafaa: homa ya ini B, nimonia, mafua, UVIKO-19. Zenye kijidudu hai, kama homa ya manjano, zinahitaji kuangaliwa CD4 kwanza. Angalia swali la Hija.

## Yasiyomfika kila mtu

Ramadhani: nifunge?

Kama virusi vimefubaa, huna maradhi mengine mazito na unameza mara moja kwa siku, unaweza. Sogeza kidonge kiwe baada ya futari, kila siku saa ile ile. TLD haijali kama umekula au hujala. Kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku kwa ajili ya figo.

Unayemeza mara 2 kwa siku, uliyeanza dawa karibuni, mwenye kifua kikuu, au mwenye sukari ya sindano, zungumza na daktari tangu Shaabani. Kuna anayeweza kubadilishiwa dawa, na kuna atakayeambiwa asifunge. Mgonjwa ana ruhusa ndani ya Kurani yenyewe, na suala la fidia au kulipa utamuuliza sheikh wako.

Mume wangu amefariki na niko edani. Dawa zinaisha.

Eda ni miezi 4 na siku 10, na dawa haziwezi kungoja. Kutoka mchana kwa haja ya matibabu ni jambo ambalo wanavyuoni wanaliruhusu. Kama moyo wako hautaki kutoka, mpigie simu muhudumu wa kliniki. Aliyetulia kwenye dawa anaweza kupewa za miezi 3 au 6 kwa pamoja, au mtu anayemuamini akamchukulia. Ulizeni hilo mapema mume anapoumwa, msingoje msiba.

Naishi Pemba lakini nachukua dawa Unguja ili nisionekane. Boti zikisimama?

Wanaofanya hivi ni wengi kuliko mnavyodhani. Wa Wete anakwenda Chake Chake, wa Chake anavuka bahari. Kisiwa kidogo, kila mtu anamjua mama wa kila mtu. Sitakulaumu. Weka tu akiba ya wiki 2 nyumbani muda wote, na usafiri kabla akiba haijaguswa, kwa sababu upepo wa kusi hauulizi tarehe ya kliniki. Ukikwama kabisa, nenda hospitali ya karibu na kadi yako, watakupa za kukuvusha.

Ukisahau kidonge, kimeze unapokumbuka, isipokuwa kama zimebaki saa 4 au pungufu kufikia kinachofuata. Usimeze viwili kufidia.

Mke mwenzangu hajui. Je, yuko hatarini?

Hali yako ni siri yako, na virusi visivyoonekana havimfiki kupitia mume. Anayetakiwa kupimwa ni mume, kisha yeye. Kliniki inaweza kuwaita wapimwe bila kukutaja. Omba msaada huo, usiubebe peke yako.

Nalea wajukuu. Nawaambukiza?

Kwa kupika, kulala nao, kuwabusu na kula sahani moja, hapana. Wao ndio watakaokuletea mafua ya skuli.

Watoto wananipeleka Hija. Nibebe nini?

Dawa za safari nzima na za wiki 2 zaidi, ndani ya makopo yake, kwenye mkoba wa mkononi na si kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Chukua barua ya daktari inayotaja majina ya dawa, haina haja ya kutaja ugonjwa. Saa ya Makka na saa ya Zanzibar ni moja, kwa hiyo kidonge cha baada ya Isha kinabaki pale pale. Chanjo ya uti wa mgongo inayotakiwa kwa mahujaji haina kijidudu hai, unaweza kuchomwa. Homa ya manjano usichomwe kama CD4 ziko chini ya 200, na ukiwa umepita miaka 60 daktari apime faida na hatari kwanza. Akiona haikufai, atakuandikia cheti cha kusamehewa. Kiombe mapema, pamoja na pasi.